Baba ametolewa saratani ya puru kwa matundu madogo: makovu yamekauka lakini nguvu hazirudi

Mwana_wa_Ujiji ameandika:

Ndugu zangu, assalaam alaykum na habari za leo kwenu nyote. Ninaandika kutoka Ujiji, Kigoma, kwa niaba ya baba yangu mwenye umri wa miaka 61, ambaye wiki tano zilizopita alifanyiwa upasuaji wa matundu madogo wa saratani ya puru, yaani ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana iliyo juu kidogo ya njia ya haja kubwa. Kabla ya hapo alipigwa mionzi mara 25 katika muda wa wiki tano, akapumzishwa zaidi ya miezi miwili, ndipo akapasuliwa katika hospitali iliyo nje ya mkoa wetu. Madaktari walituambia kwamba uvimbe umetoka wote, utumbo umeunganishwa tena, na ili mshono wa ndani upate nafasi ya kupona wameutoa utumbo mwembamba nje kwa muda, upande wa kulia wa tumbo, ambako sasa amevaa mfuko.

Tumboni ana alama tano: nne ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, na moja chini ya kitovu yenye upana wa vidole vitatu hivi, ambayo ndiyo waliyopitishia kipande kilichokatwa. Zote zimekauka vizuri. Ndugu wanaokuja kumjulia hali wakiziona wanasema mzee amepona, na yeye mwenyewe ameanza kuamini hivyo. Ana mitumbwi miwili ya dagaa pale Kibirizi, na tangu mbalamwezi ilipoanza kupungua amekuwa akisema kwamba giza likirudi, naye anarudi ziwani. Lakini akitembea kwa dakika kumi tu anarudi amechoka na kujilaza. Usiku vigimbi vinakaza hadi anaamka kwa maumivu. Anakunywa maji mengi, karibu lita nne kwa siku, na bado midomo yake imekauka.

Jambo jingine limemtisha mama. Juzi baba alihisi haja kubwa kwa njia ya kawaida, akaenda chooni, akatoa ute mweupe kama ule wa yai bichi. Tulidhani mshono wa ndani umefumuka, maana tuliambiwa choo chote kitapita mfukoni.

Ninaomba mwenye uzoefu atueleze: kuchoka huku ni kwa kawaida? Ute huo ni wa nini? Kazi ya kuvuta nyavu ataruhusiwa lini? Na iwapo kuna anayefahamu, mtu mwenye mfuko anaswali vipi, kwa kuwa baba ameacha kwenda msikitini na hilo linamuumiza kuliko kidonda chenyewe.

Muuguzi_Mstaafu_Tabora amejibu:

Mwanangu, poleni sana kwa kuuguza. Nilifanya kazi wodi ya upasuaji kwa miaka 29, na sasa nimestaafu, nipo hapa Tabora. Nitaanza na maji na vigimbi, ingawa wewe umevitaja kwa kupita, kwa sababu ndilo jambo lisilopaswa kungoja tarehe ya kliniki.

Utumbo mpana ndio unaofyonza sehemu kubwa ya maji na chumvi iliyobaki kabla choo hakijatoka. Choo cha mzee wako kwa sasa kinatokea njiani, kabla ya kufika huko, na chumvi inamwagika mfukoni kila siku. Anapokunywa maji matupu lita nne, maji hayo hayakai mwilini. Yanapita katika utumbo mwembamba yakiivuta chumvi na kutoka nayo, ndiyo maana anakunywa na kiu haiishi, na misuli inamkaza usiku. Nimeona wagonjwa walioshonwa vizuri kabisa wakirudishwa wodini figo zikiwa zimelemewa, kwa sababu tu nyumbani walihimizwa wanywe maji mengi.

Chukueni jagi lenye vipimo, mpime kila kinachomwagwa kutoka mfukoni kwa saa 24, mchana na usiku, mkaandike. Kiasi kinachotarajiwa ni kati ya nusu lita na lita moja kwa siku, tena kikiwa kizito kama uji. Kikizidi lita moja na nusu, au kikiwa majimaji kama maji ya mchele, mpelekeni hospitali ya Maweni hapo Kigoma siku hiyohiyo na hiyo karatasi ya vipimo mkononi, wampime chumvi za damu na figo. Huko wataamua kama anahitaji dripu na kama apewe loperamidi ya kupunguza mwendo wa utumbo, ambayo kwa kawaida humezwa nusu saa hivi kabla ya chakula. Msimnunulie dukani kabla hajapimwa. Kwa leo apunguze maji matupu, na sehemu kubwa ya kinywaji chake iwe ORS, pakiti moja katika lita moja ya maji safi kama ilivyoandikwa, akinywa kidogo kidogo kutwa nzima. Chakula chake kitiwe chumvi ya kutosha, isipokuwa kama ana shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo, ambapo daktari ndiye atakayesema. Wali, ugali laini, viazi na ndizi mbivu husaidia kukifanya choo kiwe kizito.

Kuhusu ute, mwambie mama apumue. Kipande cha utumbo kilichobaki chini ya mfuko hakipitishi choo kwa sasa, lakini kingali hai, na utando wake wa ndani unaendelea kutengeneza ute kama siku zote. Ute huo hujikusanya, mgonjwa akahisi haja, akautoa. Aketi chooni kwa utulivu autoe, asijikamue kwa nguvu. Kinachopaswa kuwatia hofu ni usaha au kitu chenye harufu kali, damu nyingi, homa, moyo kwenda mbio, au maumivu mapya chini ya tumbo au karibu na mkia wa uti wa mgongo. Hizo zinaweza kuwa dalili za mshono unaovuja, na japokuwa kuvuja hutokea zaidi katika siku za mwanzo baada ya upasuaji, nimewahi kuona kukijitokeza wiki kadhaa baadaye.

Sasa hayo makovu. Ndugu wanaoyatazama na kusema mzee amepona wanaipima kazi kwa mlango ulioingiliwa. Puru haikatwi peke yake. Huondolewa pamoja na mfuko wa mafuta unaoizunguka, wenye tezi ambamo saratani hujificha, yote kwa pamoja bila kupasuliwa. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1982 na daktari mpasuaji Mwingereza Bill Heald, na ilipunguza sana saratani kurudi palepale nyongani. Iwe kwa tumbo kufunguliwa au kwa matundu madogo, kazi ya ndani ni ileile. Ndani ya nyonga ya mzee wako kuna eneo pana lililobanduliwa, lililopigwa mionzi kabla, na mshono wa duara ambao hakuna anayeuona. Faida ya matundu madogo ni kweli: maumivu ni machache, mgonjwa anainuka kitandani mapema, kidonda hakichafuki kwa urahisi. Lakini hayafupishi muda wa nyonga kupona. Uchovu wa wiki ya tano ni wa kawaida hata kwa mgonjwa ambaye chumvi zake ziko sawa, na kwa wengi huchukua miezi, hasa waliotangulia kupigwa mionzi.

Kwa wiki sita za mwanzo asinyanyue kitu kinachozidi kilo tano hivi. Ndoo ya lita kumi iliyojaa tayari ni mara mbili ya kiasi hicho. Kuvuta nyavu ni kazi ya kukaza tumbo usiku kucha, na maadamu utumbo umepitishwa katika ukuta wa tumbo, pale pana upenyo ambao ngiri, yaani utumbo kujipenyeza na kutokeza chini ya ngozi, hupenda. Kwa maoni yangu asirudi ziwani hadi mfuko ufungwe na daktari wake aseme. Kutembea atembee, kila siku, hata kama ni dakika tano asubuhi na tano jioni, kwa sababu damu inayolala miguuni huganda. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akibanwa kifua ghafla, hiyo ni hospitali mara moja.

La mwisho ni ngozi. Kinyama cha utumbo, yaani ile ncha iliyotokezwa tumboni, husinyaa katika wiki za mwanzo, kwa hiyo tundu la kibandiko lililokatwa hospitalini sasa linaweza kuwa kubwa mno, na choo cha utumbo mwembamba huichoma ngozi. Pimeni upya, mkate tundu linalozidi kinyama kwa milimita mbili au tatu tu. Oshea maji ya uvuguvugu, kausha kwa kupiga-piga na kitambaa laini, usipake mafuta ya aina yoyote. Nasema hivyo kwa sababu mgonjwa wangu mmoja kutoka huko kwenu alipakwa mawese pembeni mwa tundu kwa nia njema ya mama yake, na mfuko ukakataa kushika kwa siku mbili.

Fundi_wa_Ng'ambo amejibu:

Ndugu yangu wa Ujiji, mimi ni seremala hapa Tabora, nilipasuliwa ugonjwa huohuo kwa njia hiyohiyo miaka mitatu iliyopita nikiwa na miaka 54. Dada muuguzi amesema yote ya kitaalamu. Mimi nitasema yale ambayo mgonjwa humwambia mgonjwa.

Wiki ya saba nilijiona mzima. Mteja alikuja kuchukua kitanda cha mninga, vijana wangu hawakuwapo, nikashika upande mmoja wa ubao wa kichwani. Sikusikia maumivu yoyote siku ile. Baada ya wiki mbili nikaona mfuko haukai sawa, na pembeni ya tundu kumeota kifundo kinachotokea nikikohoa na kurudi nikilala. Ilikuwa ngiri, na ilibidi irekebishwe siku walipofunga utumbo. Mwambie mzee habari hii jinsi ilivyo, labda ataisikia kwangu kuliko kwako, maana mwanao akikukataza kazi unaona anakuzeesha.

Chakula nacho kina siku zake. Mwezi wa pili wa mfuko ulikuwa msimu wa uyoga, na anayeijua Tabora anajua uyoga unavyopangwa barabarani mvua zikianza. Nilikula sahani nzima. Usiku ule mfuko ulikauka kabisa, tumbo likavimba na kukata kwa mawimbi, nikatapika hadi asubuhi. Utumbo ulikuwa umeziba pale unapopenya ukuta wa tumbo. Nilipona kwa dripu bila kupasuliwa tena, lakini nilijifunza kwamba uyoga, nazi, karanga, mahindi ya kuchoma na mboga zenye nyuzi kama kisamvu kisichotwangwa vizuri si vya wiki za mwanzo, na baadaye huliwa kidogo, vikitafunwa hadi viwe uji mdomoni. Kwenu mna migebuka na dagaa. Samaki laini asiye na miba ni chakula chema kwake. Mfuko ukikaa saa nyingi bila kutoa kitu huku tumbo likikata na mtu akitapika, msingoje kupambazuke.

Ninataka mzee ajiandae pia kwa siku ya kufungwa mfuko, kwa sababu mimi hakuna aliyeniandaa. Wangu ulifungwa mwezi wa tisa tangu upasuaji, kwa kuwa nilipitia tibakemia kwanza, yaani dawa za kuua saratani. Wengine hufungwa baada ya miezi miwili au mitatu, mradi mshono wa ndani umekaguliwa na kuonekana mzima. Nilidhani siku ile nitarudi kuwa mtu wa kawaida. Usiku wa kwanza nyumbani nilikwenda chooni mara 14. Nilihesabu. Nilikuwa namaliza, nanawa, nafika mlangoni, nageuka tena. Nilikaa sakafuni ukutani mwa choo nikalia, na mke wangu akaja kuketi nje ya mlango, hakusema kitu.

Daktari alinieleza baadaye, na laiti angenieleza mapema: puru ilikuwa ndiyo ghala la choo, sasa ghala halipo, utumbo umeshonwa karibu kabisa na mlango, kwa hiyo kila kidogo kinachofika kinataka kutoka, na kinatoka kwa mafungu. Mwili hujifunza upya, lakini polepole, na sehemu kubwa ya nafuu huja katika mwaka wa kwanza, kwa wengine hadi wa pili. Nilianza daftari: nimekula nini, saa ngapi, nimekwenda mara ngapi. Ndani ya mwezi mmoja daftari likanionyesha kwamba maziwa na pilipili vinanitesa, na kwamba nikila chakula cha jioni kabla ya saa moja ninalala. Mara tatu kwa siku nilikuwa nakaza misuli ya njia ya haja kana kwamba nazuia upepo, nahesabu hadi tano, naachia, mara kumi. Zoezi hilo mzee anaweza kumuuliza daktari wake kama aanze hata sasa akiwa na mfuko. Leo nakwenda mara tatu au nne kwa siku, na Jumapili nakaa kanisani ibada nzima, ingawa bado nachagua kiti cha mwisho.

Kuna jambo moja ambalo wanaume hatulisemi. Mishipa ya fahamu ya kibofu na ya tendo la ndoa hupita ubavuni mwa puru kabisa, na hata mpasuaji hodari akiihifadhi, inaweza kuzubaa kwa miezi, na kwa wengine hairudi yote. Mimi nilikaa karibu mwaka nikimkwepa mke wangu, naye akidhani namlaumu kwa kuona mfuko. Nilipomwambia daktari alinipa dawa na ikasaidia. Usimuulize baba yako mambo haya wewe mwanawe, lakini umtafutie daktari au mtu mzima wa rika lake atakayemuuliza kwa heshima.

Kijana_wa_Gungu amejibu:

Wa alaykum salaam. Nitajibu la swala tu, kwa kuwa mjomba wangu alikuwa na mfuko kama huo kwa mwaka mzima. Sheikh wetu alimweleza kwamba mtu ambaye uchafu unamtoka bila hiari yake yumo katika hukumu ya mwenye udhuru: anasubiri wakati wa swala uingie, anamwaga kilichomo mfukoni, anajisafisha, anatawadha kwa ajili ya swala hiyo na kuswali, na kinachotoka akiwa ndani ya swala hakimdhuru. Kwa wakati mwingine anatawadha upya. Mjomba alikuwa akiumwaga mfuko nyumbani ukifika theluthi, kabla haujawa mzito, akifunga mkanda laini juu yake, akaswali safu ya pembeni karibu na mlango. Sijda mwanzoni ilimbana, akaswali akiwa amekaa kwenye kiti. Muulizeni na sheikh wenu atue moyo. Ramadhani asijaribu kufunga akiwa na mfuko huo bila idhini ya daktari, kwa sababu hiyohiyo ya chumvi aliyoieleza mama yetu muuguzi.

Mwana_wa_Ujiji ameandika:

Ninarudi baada ya siku tisa kuwashukuru na kuwapa habari. Tulipima kwa jagi kama mama muuguzi alivyoelekeza, na kwa saa 24 tulipata lita mbili na robo. Asubuhi tulikuwa Maweni. Damu ilionyesha chumvi imeshuka na figo zimeanza kulemewa. Wakamlaza siku mbili kwa dripu, wakampa loperamidi na maelekezo ya ORS, wakasema maji matupu yasizidi lita moja kwa siku. Juzi tulipima tena, tukapata mililita 900, tena choo kizito. Vigimbi havijamkaza tangu siku ya tatu. Kibandiko tulikipima upya, na kweli tundu lilikuwa kubwa mno; ngozi pembeni ilikuwa nyekundu kama imemwagiwa uji wa moto, na sasa imeanza kufifia.

Habari ya ubao wa mninga nilimsomea baba neno kwa neno tukiwa barazani. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza huyo fundi ana umri gani. Jioni alimwita binamu yangu na kumkabidhi mitumbwi hadi mfuko utakapofungwa. Ijumaa alikwenda msikitini, akakaa kwenye kiti karibu na mlango.

Nina swali moja lililobaki. Karatasi ya majibu ya kile kipande kilichokatwa bado hatujaipata, na tarehe ya kurudi kliniki ni baada ya wiki tatu. Tungoje?

Muuguzi_Mstaafu_Tabora amejibu:

Msingoje, mwanangu. Pigeni simu kliniki kesho, muulize kama majibu yametoka, kwa sababu ndiyo yanayoonyesha kama kingo za kipande zilikuwa safi, tezi ngapi zilikaguliwa na ngapi zilikutwa na saratani. Kwa kawaida tunataka tezi zisizopungua 12 ziwe zimekaguliwa. Ikiwa atahitaji tibakemia, madaktari hupenda ianze ndani ya wiki nane hivi tangu upasuaji, na mzee yuko karibu na wiki ya saba. Waelezeni pia kwamba alilazwa kwa upungufu wa chumvi, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo huharisha, nao watapanga kipimo wakijua hilo. Muulizeni daktari ratiba ya ufuatiliaji iandikwe kwenye kadi yake: kipimo cha damu cha CEA, yaani protini inayoweza kupanda saratani ikirudi, kila baada ya miezi michache, picha za kifua na tumbo, na kamera ya utumbo mpana baada ya mwaka mmoja. Karatasi ikipatikana, toeni nakala mbili, moja ikae kwa mama.